Karatasi ya Wendell: Maisha ya Ozella Ruth Tolliver, 1941–2023

Mchungaji, ndugu wa pande zote mbili, majirani na marafiki, familia imenipa mimi, Otis Pruitt, mume wa Vernita, kazi ya kuwasomea maisha ya mama mkwe wangu, nadhani ni kwa sababu hakuna aliyebeba maboksi yake kwenye ngazi miaka mingi kama mimi, na mgongo wangu ni shahidi.

Ozella Ruth Gaines alizaliwa tarehe 3 Septemba 1941, huko Marianna, jimbo la Arkansas, mtoto wa pili wa Bwana Elbert Gaines, mkulima wa pamba, na Bi Sudie Gaines, aliyefua nguo za watu, na kaka yake Wendell alimtangulia kwa miaka miwili, nao walikuwa chanda na pete. Mwaka 1950 familia ilihamia hapa Dayton, Ohio, baba akapata kazi kiwandani, mama akaendelea kufua, maana nguo chafu zilikuwepo huku pia.

Alisoma hapa hapa mjini, akamaliza sekondari Juni 1959, akahitimu ualimu mwaka 1963, akafundisha lugha na fasihi hadi alipostaafu mwaka 2001, na wanafunzi wake mliopo hapa mnakumbuka kwamba insha yenye doa la mafuta ilirudi kwa mwenyewe bila kusomwa. Tarehe 17 Juni 1967, katika kanisa hili, alifunga ndoa na Cleophus Tolliver, fundi wa mabasi ya mji, wakajaliwa Vernita mwaka 1969 na Quincy mwaka 1972. Cleophus alimtangulia mwaka 2008, akiwa amelala miaka thelathini juu ya kitanda chenye mashairi chini yake, wala hakuwahi kulalamika mbele za watu.

Vijana wasijiulize mashairi gani. Miaka ile washairi wetu hawakumsubiri mtu wa New York awafungulie mlango, shairi moja lilichapwa kwenye karatasi moja, upande mmoja, likagawiwa bure watu wakitoka ibadani, ukaenda nalo nyumbani ukalibandika jikoni. Oktoba 1969, kwenye chumba cha chini cha kanisa hili, Bwana Ferris Boykin alichapa kwa mashine ya mkono shairi la Wendell kuhusu mama yao na kamba ya kuanikia nguo. Tarehe 2 Februari 1971 Wendell alifariki katika ajali ya gari akitoka Columbus, na zile herufi za madini ya risasi zilizochapia shairi lake zilikuwa zimeshapanguliwa zamani, zikapangiwa shairi la mtu mwingine.

Ozella alikuwa na nakala yake ndani ya bahasha, hakuwahi kuifikisha mwisho kaka yake alipokuwa hai, na baada ya msiba hakuwa na moyo wa kuisoma. Mwaka 1975, kwa mapenzi tu, aliipeleka kwenye mashine ya kuvika karatasi plastiki, mashine ikazidi moto, sehemu ya chini ikaungua ikawa nyeusi tii, na shairi likabaki bila mwisho. Mtaalamu aliyemwendea alimwambia kwamba plastiki ile ikibanduliwa itaondoka na herufi zote. Alikuwa ameitunza mpaka akaiharibu, nalo lilimkereketa hadi kufa.

Ndipo alipoanza kukusanya, kwanza akitafuta nakala nyingine ya Wendell, nyumba kwa nyumba, na majibu aliyopata yalitia hasira: mmoja alitandikia droo, mwingine alifunikia keki, mwingine aliipigilia misumari. Akachukua kila shairi la karatasi moja alilolikuta, kutoka Detroit, Chicago na Cleveland, akayalaza bapa kwenye maboksi yasiyo na asidi inayokula karatasi, gizani, akapiga marufuku utepe wa gundi, pini, plastiki, kahawa na wajukuu. Chuo kimoja kikuu kilikuja, kikataka yale ya majina makubwa tu, kikasema mengine si vitabu, hayana hata mgongo wa kuandika namba. Aliwaonyesha mlango, na maboksi bado yako kwetu.

Aliyemuudhi kuliko wote alikuwa jirani yake, Bi Hattie Crumpler, ambaye leo amekaa mstari wa mbele, kwa kuwa Bi Hattie aliibandika karatasi ya Wendell ukutani jikoni kwa uji wa unga wa ngano, kisha mwaka 1983 mumewe akaweka juu yake karatasi ya ukuta yenye maua. Bwana Crumpler aliapa kwamba alikwangua ukuta wote kwanza. Kwa miaka arobaini Ozella alimwambia jirani yake kwamba alimuua Wendell mara ya pili, na Bi Hattie naye alimjibu kwamba yeye angalau alikuwa akiisoma kila asubuhi, ingawa kila alipoulizwa mwisho wake alitoa mwisho tofauti.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019, akawa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mwezi Machi mwaka huu, wajukuu wa Bi Hattie walipobandua maua yale, jina la Wendell likajitokeza, kumbe Bwana Crumpler alikuwa mvivu, Mungu ambariki kwa uvivu ule. Mtaalamu akasema uji wa unga unakubali maji, karatasi itatoka nzima, ila polepole, kuanzia juu, kwa majuma kadhaa. Ozella hakuwa na majuma. Sisi tulitaka pembe ya chini ikwanguliwe tu, asome mwisho, hata ikichanika. Alikataa.

“Nilifanya haraka mara moja,” alisema. “Hattie alitumia unga, mimi nikatumia mashine. Mwacheni atoke mzima.”

Tulimkasirikia, na mimi bado nina hasira. Alifariki nyumbani, Jumanne, tarehe 11 Aprili 2023, saa kumi alasiri. Karatasi ilitoka Ijumaa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa figo, walimu wenzake, kanisa lililopika, majirani wa Mtaa wa Laurel, na Bi Hattie kwa ukuta wake. Bwana Boykin hayupo, lakini mashine yake ipo, na kila mmoja wenu ameketi karibu na nakala iliyochapwa jana. Msiifunike plastiki. Unga wa ngano mnao nyumbani.

Hii ndiyo mistari miwili ambayo Ozella aliitafuta miaka arobaini na minane:

Mama, nguo za watu zimekwisha kukauka,
ingia ndani, kuna mtu amekuwekea kiti.

Kiti kipo, mama. Pumzika kwa amani.