Clémence M'Lwaboshi, Aliyekataa Kuungama Zambi Ambayo Hakuitenda

Ninyi mulioketi chini ya shitingi hii, turubai ya musiba, na ninyi mutakaorudi nyumbani na karatasi hii mukononi, familia ya marehemu muzee Lwaboshi inawaelezea maisha ya binti yao kama yalivyokuwa, bila kuyapaka rangi.

Clémence alizaliwa Luvungi, katika bonde la Ruzizi, tarehe 11 mwezi wa tano 1958. Baba yake alilima pamba. Mama yake, Faida, alisimulia mara nyingi kwamba mutoto alitoka akilia kwa hasira, hata mukunga akacheka: «Huyu anakuya na kesi yake.» Mwaka wa 1964, wakati wa vita ya waasi wa Mulele, familia ilikimbilia Bukavu. Clémence alikuwa na miaka sita. Dada yake Agathe, anayewasomea maneno haya, alimubeba mugongoni pale miguu yake ilipokataa, naye njia nzima alikuwa akiuliza: «Sisi tumekosa nini?» Hakuna mukubwa aliyemujibu. Aliuliza swali hilo miaka sitini, na sasa mutasikia alimuuliza nani.

Alisoma shule ya musingi hapa mujini akapata seretifika mwaka wa 1971. Shule iliishia pale, kwa sababu pesa ya shule ilienda kwa wadogo zake wanaume waliokuwa nyuma, lakini ile aliyoipata aliishika. Siku moja chaki za mwalimu zilipotea. Mwalimu akasema klasi yote ipige magoti mpaka mwizi ajitaje. Wote wakapiga magoti. Clémence akabaki amesimama.

«Weye uko na nini?» mwalimu akauliza.

«Sikukamata chaki, mwalimu. Magoti yangu napigiaka Mungu.»

Alichapwa. Hakupiga magoti. Chaki zilionekana baadaye ndani ya koti la mwalimu mwenyewe, naye, tumusifu kwa hilo, alikuja nyumbani kuomba musamaha.

Kazi yake mulikula wengi wenu. Zaidi ya miaka makumi ine alikaanga bitumbura, ile mikate midogo ya asubuhi, akauza karibu na soko la Nyawera. Pale ndipo Philémon alimukuta, shofere wa kamyo ya mizigo ya Uvira, kijana wa kujisikia. Aliuma kimoja mbele ya wateja akasema kwa sauti: «Maman, hii bitumbura iko nguvu sawa piston ya moteri!»

Clémence hakuinua kichwa. «Basi uitie mu moteri, itakufikisha Uvira.»

Watu walicheka mpaka kamyo ikachelewa kuondoka. Kesho yake Philémon alirudi, na kesho kutwa. Walifunga ndoa kanisani tarehe 18 mwezi wa nane 1979, wakajenga mutaa wa Nyalukemba, wakazaa watoto watatu: Parfait, Charlène na Héritier. Clémence ndiye aliyeoka pia mukate wa Meza ya Bwana. Aliuoka Jumamosi, akiimba, na hakuruhusu mutu kuonja. «Huu unangojewa na mwenyewe,» alisemaka.

Mateso yake hatutayapita haraka, maana yeye hakuyapita haraka. Mwaka wa 2003 kamyo ya Philémon ilianguka kwenye mulima wa Ngomo, naye akafa pale. Watu walilia naye. Mwaka wa 2014 mvua ilishusha kilima usiku, udongo ukafunika chumba cha Parfait na yeye ndani. Watu walilia tena, lakini wengine walikuwa wameanza kunong'ona. Mwaka wa 2022 alishika kitu kigumu kwenye titi la kushoto, munganga wa hospitali akaita kansa kwa jina lake. Hapo hawakunong'ona tena. Walimuita katika chumba cha wazee wa kanisa.

Agathe alikuwa pale, alimusindikiza. Muzee Edouard, mukubwa wa wazee, alisema kwa upole, hilo tunakubali.

«Maman Clémence, tunakupenda. Lakini misiba tatu mu nyumba moja, haiko bure. Iko kitu. Ukitoe tu mbele ya kanisa, Mungu atakuponya.»

«Muzee Edouard, zambi niko nazo. Za mudomo, za hasira. Naziambiaka Mungu kila asubuhi mbele ya kuwasha moto. Ile ya kununua kansa, hiyo sina. Kama uko nayo, uniazime.»

«Usichekelee, maman.»

«Sichekelei. Nauliza. Ule muguu wako wenye kukuuma tangu mwaka jana, uliutubia?»

Wazee wawili waliangalia chini. Muzee Edouard akasema muguu ni uzee. Clémence akamujibu: «Aa. Kwako ni uzee, kwangu ni zambi.» Kisha akasimama, na maneno haya Agathe anayakumbuka yote: «Yesu alikufa akiwa kijana, mutupu, kati ya wezi, mama yake anaangalia. Yee naye alificha nini? Mutu aliyezaliwa kipofu, wanafunzi waliuliza sawa vile munauliza: nani alikosa, yeye ao wazazi wake? Bwana aliwajibu: hapana yeye, hapana wazazi wake. Munasoma hiyo Biblia, ao munaibebaka tu?»

Waliamua kwamba hatakula Meza, wala hataoka mukate, mpaka atengeneze mambo yake, maana yake aungame mbele ya kanisa. Wengi walingoja akimbilie kanisa lingine, maana Bukavu haikosi makanisa. Hakuhama. Aliketi benchi yake ileile. Mukate ukanunuliwa dukani. Siku ya Meza, wale waliotengwa hutoka inje, yeye alibaki. Shemasi alipitisha mukate mbele ya pua yake, akapitisha kikombe, naye akasema «Amina!» kwa sauti, kama mutu aliyekula na kunywa. Alifanya hivyo miaka mitatu.

Musifikiri alikuwa chuma. Nyumbani alilia. Aligombana na Mungu kwa sauti, jirani walisikia. Siku moja Agathe, akiogopa, alimuambia: «Dada mudogo, acha kumusemesha Mungu vile.» Clémence akamujibu: «Nani mwingine nitamusemesha? Nimemuuliza juu ya Philémon, nimemuuliza juu ya Parfait. Hajanijibu. Nitaendelea kumuuliza, hayo njo maombi yangu. Siku nitanyamaza njo mutajua nimemuacha.» Kisha akaongeza, akicheka kidogo: «Sijui juu ya nini nateswa. Weye haujui. Muzee Edouard naye hajui, ila yee hapendi tujue kama hajui.» Na lile alilolijua aliliweka wazi: Lazaro alipokufa, Bwana hakuwauliza Marta na Maria mumekosa nini. Alilia.

Kwa hiyo naye alifanya vile. Palipokuwa musiba Nyalukemba, au mutoto wa kifafa, au nyumba iliyoshuka na mvua, Clémence alifika na bitumbura za moto ndani ya kitambaa, akaketi kwenye mukeka. Mutu akianza kutafuta chanzo, alimutia kitumbura mukononi: «Kula. Kinywa kikijaa hakihukumu.»

Mwaka huu, vita ilipofika mujini, dawa zake zilikosekana miezi mingi, na ugonjwa ukatembea mbio. Jirani yake Maisara, wa jamaa ya waislamu wa Uvira, alimuogesha pamoja na Charlène. Maisara hakuulizaka zambi. Aliulizaka kama supu imepata chumvi.

Wiki ya mwisho Clémence alimushika Agathe mukono. «Dada, wakati utaandika maisha yangu, wazee wataomba uweke lile neno, ‹alitengeneza mambo yake na Bwana mbele ya kulala.› Wanaliwekaka kwa kila mutu. Usiliweke. Watu watafikiri nilikubali, na mama wa mutoto mugonjwa atasikia, atarudi nyumbani kujitafutia zambi. Uniapie.»

Agathe aliapa. Clémence alilala tarehe 19 mwezi wa tisa 2025, alfajiri, nyumbani kwake, akiwa na miaka makumi sita na saba.

Kesho yake Muzee Edouard alikuja. Alisema muwili unaweza kuingia kanisani, na kwaya itaimba, kama neno lile litaandikwa. Ni mustari moja tu, alisema. Charlène aliangalia mama yake mukubwa, Agathe, maana alitamani mama yake aingie katika lile kanisa alilolifagia tangu ujana. Ilikuwa vigumu, hatutaficha. Agathe aliuliza: «Na tukikosa kuandika?» Muzee akasema: «Basi atazikwa kutoka nyumbani.» Charlène mwenyewe ndiye aliyejibu: «Nyumbani hapakosi nafasi, papa.»

Ndiyo maana muko chini ya shitingi. Muchungaji wetu kijana, Grégoire, alituma neno kwamba atakuja kuomba hapa, wazee wakitaka wasitake, na ataleta mukate wa Meza. Muzee Edouard amealikwa kama jirani. Kiti chake kiko mustari wa mbele, na sahani yake iko.

Mustari ule haumo. Tunaandika huu mwingine mahali pake: Clémence M'Lwaboshi aliteswa, hakujua sababu, na hakumuacha Mungu, wala hakumusingizia.

Anawaacha watoto wawili, Charlène na Héritier, wajukuu watano, dada yake Agathe, jirani yake Maisara, ambaye familia inamuhesabu kati yake, na wote walioketi naye kwenye mukeka, ambao hawana idadi. Philémon na Parfait walitangulia.

Clémence, pumzika. Amani hatukuombei, ulikuwa nayo, hata pale kikombe kilipokupita.