Baba Mkwe Alipoingia Wodini

Bwana apewe sifa! Ndugu zangu mliopita kwenye ukungu huu wa asubuhi kuja kumwabudu Mungu, kamwene! Kwetu Iringa ndivyo tunavyosalimiana. Mimi ni Mhehe niliyeolewa na Mnyakyusa, basi Kiswahili changu kikiyumba mnivumilie. Nimesimama niseme jinsi Mungu alivyonirudishia mume wangu Ambakisye, yule pale upande wa wanaume, anayeinamisha kichwa kwa haya.

Wakati ule tulikaa Mufindi, si mbali na Nyololo. Mume wangu alikuwa mpasua mbao. Yeye na mwenzake walilaza gogo juu ya shimo, mmoja akasimama juu, mwingine akashuka chini, wakavuta msumeno mrefu kutwa nzima. Mimi nililima viazi, na binti yetu Atupele nilikuwa bado nambeba mgongoni. Jioni Ambakisye alirudi na unga wa mbao kichwani, nami nilimcheka kwamba amezeeka kwa siku moja. Tulikuwa na amani.

Asubuhi moja ya mvua gogo liliteleza. Mume wangu ndiye aliyekuwa chini. Likambana tumbo kwenye ukuta wa shimo! Walipomtoa hakuwa na jeraha hata dogo. Akaketi, akasema, "Niacheni nipumzike kidogo." Kisha midomo ikawa kama majivu, tumbo likakaza kama ngoma. Wenzake wakamlaza kwenye machela ya matawi na blanketi, wakakimbia naye hadi barabarani. Mtoto nikamwachia jirani. Lori la mbao likatuchukua kwenda hospitali ya misheni.

Safari ile naikumbuka kama mtu anavyokumbuka ndoto. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani. Miti ilitokea, ikatutazama, ikapotea. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu, na mimi niliona kama lori limesimama, ni milima tu inayotupita polepole. Sikulia. Hata machozi yalikuwa yamepotea njia.

Daktari, Mzungu mmoja mpole, alimgusa tumbo, akaniambia, "Mama, amepasuka bandama. Damu inavuja ndani. Nisipompasua sasa hivi atakufa. Nikimpasua, siwezi kukuahidi."

Nikamjibu, "Mpasue, Bwana Daktari. Ahadi nitamwomba Mungu."

Walimtoa chumba cha upasuaji akiwa hai. Wakamlaza katika chumba kidogo cha wagonjwa mahututi, chupa ya maji ikining'inia juu yake, tone kwa tone. Harufu tamu ya dawa ya usingizi ilijaa chumbani hata nami nikawa nusu nimelala, nusu macho. Akaanza kusema. Ndugu zangu, sisi nyumbani tulisema Kiswahili, lakini sasa alisema Kinyakyusa kitupu, lugha ya utoto wake. Alikuwa akichunga ng'ombe. Alikuwa akivuka mto. Aliwaita watoto wenzake, akacheka nao. Nilimshika mkono, lakini yeye alikuwa akitembea katika nchi ambayo mimi nilikuwa sijawahi kufika, na njia yake ilizidi kwenda mbali. Neno moja tu nililielewa vizuri: "Tata! Tata!" Alikuwa akimwita baba yake.

Kisha kifua kikajaa. Alivuta pumzi kwa mkoromo. Sista, dada mmoja wa Kibena, akasema, "Lazima ainuliwe, akae, akohoe, tena mara kwa mara. Asipokohoa, kifua kitamuua kabla ya kidonda." Lakini sista alikuwa na wodi nzima ya kuhudumia. Nikajaribu peke yangu. Mume wangu ni mtu mzito! Nilishindwa, naye akalia kwa maumivu.

Ndipo baba mkwe, aliyekuwa amepelekewa habari, akafika kwa basi kutoka Rungwe. Wanyakyusa mnajua, ninyi wengine niwaambie. Kwa mila yao mke hakutani kamwe na baba wa mume wake. Akimwona njiani anajificha. Hamtazami, hakai naye chumba kimoja. Basi nilipoona koti lake mlangoni, nikajifunika kanga, nikatokea mlango wa barazani. Nikasimama nje chini ya dirisha, manyunyu yakinilowesha. Yeye akitoka, mimi naingia. Mimi nikitoka, yeye anaingia. Na mkoromo ule ukazidi!

Sista akanifuata nje. "Mama, anahitaji watu wawili kwa pamoja, si mmoja mmoja."

Nikaweka paji la uso ukutani. Sikuwa na maombi marefu. Nilisema, "Mungu, sina njia."

Nikasikia sauti ya mzee dirishani. Tangu niolewe alikuwa hajawahi kuniambia neno. "Mama Atupele."

"Abee, baba."

"Mila hii nimeipokea kwa baba zangu. Ni heshima, wala siidharau. Lakini aliyelala hapa ni mwanangu, na ni mume wako. Mungu hatatukasirikia tukimwinua. Ingia, mwanangu. Wewe shika upande ule, mimi nishike huu."

Haleluya! Niliingia. Sikumtazama uso. Nilitazama mikono yake, na ndugu zangu, ilikuwa mikono ya mume wangu, ila imezeeka. Tukapitisha mikono chini ya mgongo wa mgonjwa, mkono wa mzee ukashika wangu, tukainua. Mzee akaomba kwa Kinyakyusa, mimi kwa Kihehe. Mwanga mweupe wa ukungu uliingia dirishani ukatuzunguka, na uzito ule ukapungua. Sisemi niliona malaika, sikuwaona. Nasema uzito ulipungua! Ambakisye akakohoa, akatema uchafu mzito, akakohoa tena. Pumzi ikapita.

Hatukuacha. Tulimwinua, tukamlaza, tukamwinua. Alasiri moja akafumbua macho, akamtazama baba yake, akanitazama mimi, akaogopa sana. Akasema kwa Kiswahili, "Mama Atupele, nimekufa? Mbona wewe na baba mko chumba kimoja?"

Mzee alicheka hata akatafuta pa kukaa!

Kupona kulichukua muda. Nilimlisha uji kwa kijiko, akaukasirikia uji, akanikasirikia na mimi. Alijifunza kutembea barazani kama mtoto. Msumeno hakuurudia, leo tunalima kahawa na migomba huku kwao. Baba mkwe na mimi tumerudia heshima yetu, lakini nikijificha kando ya njia, yeye anapita akisema polepole, "Ndaga, mwanangu." Yaani asante.

Ndugu zangu, una mgonjwa leo? Umeinua umeshindwa? Mwambie Mungu hivyo hivyo, usipambe maneno. Mtumaini, naye atakuletea mkono wa pili, hata kutoka mahali usipothubutu kutazama. Njooni mbele tuwaombee. Baba Atupele, acha haya. Simama, wakuone.