Wimbo Uliokuwa Ukirefuka

Ndugu yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Februari 1957, katika nyumba ya tatu kutoka ghala la kamba, akiwa mtoto wa kwanza wa mshona viatu na mkunga. Alizaliwa na kilo tatu na gramu mia moja. Mama yake alimpima mwenyewe, na marehemu hakuchoka kuutaja uzito huo hadi uzeeni. Miaka minne baadaye alifuatiwa na mdogo wake wa kike, ambaye sisi sote tunamwita Shangazi. Shangazi alimzidi kaka yake gramu mia mbili wakati wa kuzaliwa, na hakumwacha asahau.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha sekondari hadi 1974. Huko ndiko alikokutana na gitaa la besi. Mwalimu wa muziki alikuwa na wanafunzi kumi na wawili waliotaka kuimba mbele, na hakuna aliyetaka kusimama nyuma na kupiga noti zilezile nne. Akawaambia wote wapige makofi kwa dakika moja, huku yeye akiangalia saa. Makofi ya wenzake yalianza kukimbia kabla ya nusu dakika. Yeye alimaliza kama alivyoanza. Mwalimu akamkabidhi gitaa palepale na kumwambia, "Wewe utakuwa sakafu. Wengine watacheza juu yako."

Mwaka 1977, baada ya mafunzo ya miaka miwili, aliajiriwa kuwa mkaguzi wa mizani na vipimo. Kwa miaka arobaini alizunguka madukani na sokoni na sanduku la mbao lenye mawe ya mizani ya shaba, kila jiwe limelala katika shimo lake, na hakuligusa hata moja bila kitambaa. Wafanyabiashara walimpa jina la Gramu. Walipomwona anakuja barabarani, walipeana taarifa dirisha kwa dirisha: "Futa sahani, Gramu huyo." Hakuwa mkali wala hakupandisha sauti. Aliweka jiwe, akasubiri mshale utulie, akasema kilichopo.

Ukaguzi ndio uliompatia mke. Alifika katika duka la nafaka la mama mmoja, akamkuta binti wa mwenye duka anampimia mteja huku kidole gumba kimelalia ukingo wa sahani. Akaushika mkono ule, akauondoa taratibu, akaurudisha juu ya meza. "Nilidhani ananikamata," mjane wake husimulia, "kumbe na kweli alinikamata." Walifunga ndoa tarehe 4 Juni 1983, wakajaliwa binti na mwana. Mama mkwe alimsamehe kwa kuifungia mizani yake siku ile kwamba ni mbovu, ila alisisitiza hadi mwisho kwamba mizani ile ilikuwa nzima.

Muziki haukukatika. Tangu mwaka 1979 alikuwa na bendi ya watu wanne: yeye kwenye besi, Kinyozi kwenye gitaa la solo, Mshonaji akiimba, na Mwokaji, mume wa Shangazi, kwenye dramu. Walipiga kila Jumamosi alasiri katika ukumbi wa wafanyakazi wa karakana, na wimbo wao wa kufungia ulikuwa na dakika tatu na sekunde hamsini na mbili. Marehemu aliupima kwa saa ya ofisini, akauandika katika daftari lake la ukaguzi kana kwamba nao ni mali ya serikali.

Jumamosi tarehe 20 Agosti 1994, mbele ya ukumbi uliojaa, Mwokaji alianza kuchelewa. Kwanza kidogo, kisha waziwazi. Marehemu alimgeukia mara mbili. Mara ya tatu aliacha kupiga, akasogea kwenye kipaza sauti na kusema kwa upole uleule wa dukani, "Samahani, wapendwa. Mpiga dramu wetu anachelewa, na mimi siwezi kufanya kazi na mizani mbovu." Akalilaza gitaa ndani ya kasha, akatoka kwa mlango wa pembeni. Hakumuuliza Mwokaji lolote siku ile, wala siku zilizofuata.

Kwa karibu miaka ishirini na mitatu hakupiga na mtu. Nyumbani alipiga peke yake sebuleni, akiwa amekaa kwenye stuli, na mtu anayepiga peke yake hana wa kumwambia kitu. Kwa kuwa sheria ilitaka mizani ya tanuri la mikate la Mwokaji ikaguliwe kila mwaka, kila Machi wawili hao walisimama uso kwa uso kwa robo saa. Mwokaji aliweka mawe kwenye sahani kwa mkono wake wa kulia, wenye kovu lililong'aa kuanzia kiwiko hadi vidole. "Kilo moja." "Sawa." "Kilo mbili." "Sawa." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao. Shangazi alizoea kusema kwamba kaka yake na mumewe wana ndoa ya mara moja kwa mwaka.

Mwezi Januari 2017, wiki chache kabla ya kustaafu, alikwenda kufanya ukaguzi wake wa mwisho. Mwokaji aliweka jiwe la mwisho, akaliacha hapo.

"Mwakani atakuja nani?"

"Ataletwa mwingine."

"Atajua kusubiri mshale?"

"Atajifunza."

"Basi wewe njoo Jumamosi, shemeji. Njoo bila sanduku. Tunapigia kule nyuma, kwenye stoo ya unga. Besi hatuna tangu ulipoondoka."

Alikwenda. Mjane wake anakumbuka kwamba alibadilisha shati mara mbili, na la pili akashindwa kulifunga kifungo cha juu. Alisema vidole vina baridi. Ilikuwa siku ya joto.

Stoo ile ilikuwa na vumbi la unga juu ya kila kitu, hata kwenye matoazi ya dramu, na kila pigo la kwanza lilirusha wingu dogo jeupe. Kinyozi alikuwa amebaki bila nywele hata moja, na Mshonaji alimpokea kwa kusema, "Umerudi mzee kuliko ulivyoondoka, ila sisi tumebaki vilevile." Walicheka, wakaanza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mzito, mara mbili akakosa pa kushika. "Kutu hiyo," Kinyozi alisema. "Itatoka." Marehemu alirudi nyumbani akiwa na furaha ambayo watoto wake hawakuwahi kuiona. Alipiga mluzi bafuni. Alimwambia mkewe kwamba alikuwa amesahau jinsi inavyokuwa kusikia noti yako ikipokelewa na mtu mwingine.

Mshonaji alikuwa na kawaida ya kurekodi mazoezi kwa simu, kila mwisho wa mwezi, na marehemu akarudia kawaida yake ya kupima. Wimbo wa kufungia, Aprili 2017: dakika tatu, sekunde hamsini na nne. Desemba: dakika nne na sekunde mbili. Juni 2018: dakika nne na sekunde kumi na moja. Daftari hilo tunalo. Namba zimeandikwa kwa mwandiko ambao nao, ukurasa hadi ukurasa, unalegea.

Wimbo ulikuwa unarefuka, na yeye aliamini anajua sababu.

"Shemeji hajaacha mambo yake," alimwambia mkewe mezani. "Anachelewa tena."

"Utamwambia?"

"Hapana. Nilimwambia mara moja, ikanigharimu miaka ishirini na mitatu. Safari hii nitamvumilia."

Mkewe alimtazama akichukua kijiko kwa mkono wa kulia na kukihamishia wa kushoto, kisha kukirudisha. Wakati huo alikuwa ameshaanza kumfungulia dawa ya meno na kuiacha wazi kwenye sinki, ili asione kwamba amesaidiwa. Funguo zilianguka. Kikombe kilianguka. Marehemu alilaumu funguo, akalaumu kikombe. Mwezi Novemba wimbo ulifika dakika nne na sekunde thelathini na tatu, naye akaandika pembeni: *Namvumilia bado.*

Jumamosi tarehe 9 Februari 2019, siku yake ya kuzaliwa, aliwaambia wenzake kwamba atachelewa kwa sababu ya kwenda kumchukua binti yake stendi. Basi liliwahi. Alifika kwenye tanuri mapema, akasikia ndani wameanza wimbo wa kufungia. Badala ya kuingia alisimama ukutani, pale ukuta unapokuwa na joto la majiko, akatoa saa kwa mazoea tu. Binti yake alikuwa pembeni yake. Anasema aliona uso wa baba yake ukibadilika kabla hata wimbo haujaisha, na akadhani amepatwa na ugonjwa wa ghafla.

Dakika tatu, sekunde hamsini na mbili. Kamili.

Aliingia. Hakuna aliyemsikia hadi alipoongea.

"Naomba tupige tena," alisema. "Sasa tukiwa wote."

Mwokaji aliviweka vijiti chini. "Umefika saa ngapi, shemeji?"

"Mapema kuliko mlivyotaka. Ni nani anayechelewa humu ndani?"

Mshonaji aliinamisha macho. Kinyozi akajifanya anakaza uzi wa gitaa ambao haukuwa umelegea.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tano, ule mwaka uliporudi," Mwokaji alijibu. "Kutu hupungua mtu anapopiga. Yako ilikuwa inaongezeka. Tukaona bora tukufuate."

"Miezi ishirini na mmoja mnanipimia kwa jiwe bovu."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mwokaji alikunja mkono wa shati na kuuweka ule mkono wenye kovu juu ya dramu, karibu na taa. "Agosti ile nilikuwa nimeungua asubuhi, kwenye mlango wa jiko. Nilivaa mikono mirefu ili usione bandeji. Uliposema mbele za watu kwamba nachelewa, ulikuwa unasema kweli. Nilichelewa kweli. Lakini nilijiambia kwamba mimi sitamfanyia mtu hivyo."

Marehemu alikuwa ameliona kovu lile katika kila ukaguzi, mara ishirini na tatu, kwa umbali wa upana wa sahani ya mizani. Alikaa juu ya gunia la unga. Binti yake alisikia anasema, kwa sauti ndogo, "Sikuuliza."

Wiki sita baadaye, tarehe 25 Machi 2019, madaktari walithibitisha kwamba alikuwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaodhoofisha misuli kidogo kidogo: kwanza mikono, halafu miguu, halafu koo, na mwisho kifua. Hauna tiba. Alimuuliza daktari utachukua muda gani. Daktari akasema haiwezekani kupima. Marehemu alimwambia kwamba kila kitu kinapimika, ila si kila mtu ana mawe.

Alirudi stooni na sharti moja: wapige kwa mwendo halisi, na yeye atachukua noti atakazoziwahi. Mwaka ule alizipata nusu. Mwaka uliofuata alipata ile ya kwanza tu katika kila mzunguko, kisha moja katika kila ubeti. Alizichagua kama mtu anayepunguza vitu nyumbani mwake kabla ya kuhama. Mwishowe akabaki na noti moja, ya mwisho kabisa, aliyoweza kuipiga kwa kudondosha kidole gumba juu ya uzi. Alikuwa anakaa karibu dakika nne akiisubiri, mkono umelala gitaani, macho kwa Mwokaji.

Jumamosi tarehe 14 Novemba 2020 walipiga katika ukumbi uleule wa karakana. Mwanawe alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi kwenye kipaza sauti, na kwa kuwa sauti yake ilishaanza kufifia, ukumbi ulinyamaza kabisa.

"Mwaka tisini na nne nilisimama hapa nikasema mtu huyu anachelewa," alisema. "Nilikuwa nimepima bila kuuliza. Naomba radhi mbele yenu, kama nilivyomwaibisha mbele yenu."

Kisha wakapiga, na hakuna aliyepunguza. Mshonaji aliimba akiwa amegeukia ukuta. Wimbo ukaisha kwa wakati wake, matoazi yakashikwa, ukumbi ukabaki kimya. Kidole gumba cha marehemu kilikuwa bado kinashuka. Noti ilitoka peke yake, nzito, baada ya wote.

"Nimechelewa," alisema.

"Umefika, shemeji," Mwokaji akajibu.

Hakupiga tena. Mwaka 2021 mazungumzo yake yalikuwa ya macho, na tangu Machi 2022 mkewe alikaa kando ya kitanda akisikiliza kifua. Anasema nafasi kati ya pumzi na pumzi zilikuwa zinarefuka, na kwamba alijikuta anapunguza pumzi zake mwenyewe ili asimtangulie. Marehemu alimwona. Kwa kope, herufi baada ya herufi, kwenye ubao aliotengenezewa na binti yake, alimwambia: *Usinifuate. Pumua kwa mwendo wako.* Alifariki Jumanne tarehe 17 Mei 2022, saa tano na dakika ishirini asubuhi, mkono wake wa kushoto ukiwa katika mkono wa kulia wa Mwokaji.

Kwa ubao uleule aliacha agizo, nasi tunaomba mlitii. Leo jeneza litabebwa kwa mwendo wa kawaida wa watu wanaotembea. Mwokaji atatangulia na dramu ndogo, na mwendo tutakaokwenda ni wa wimbo wa kufungia. Kutoka hapa hadi kaburini tumeupima: utapigwa mara mbili. Asiwepo wa kupunguza hatua. Atakayebaki nyuma asione haya. Atasubiriwa kule mbele, na hakuna atakayeanza kufukia kabla hajafika.

Marehemu ameacha mjane, binti na mwana, wajukuu wanne, Shangazi ambaye bado anamzidi gramu mia mbili, shemeji yake Mwokaji, pamoja na Kinyozi na Mshonaji. Sanduku la mawe ya shaba liko nyumbani, kila jiwe mahali pake.

Apewe pumziko la amani, kwa kipimo kilichojaa.