Mzee Nzau na Ubao wa Kompyuta Kumi na Mbili

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, Bw. Nzau Kitheka anastaafu baada ya kuitumikia Shule ya Upili ya Wasichana ya Kyethangathi, hapa Nuu, kwa miaka ishirini na tisa na miezi tisa. Chama cha Kompyuta kiliombwa kuandika habari zake katika programu hii ya sherehe ya kumuaga, na wenzangu wakanichagua mimi. Nimefurahi mno, kwa sababu bila yeye huenda nisingekuwa na mtihani wa kufanya Jumatatu.

Alifika hapa Januari 1996 kama tarishi, na kazi yake ilikuwa kupeleka barua za shule hadi Mwingi na Kitui. Baadaye alijifunza kupiga chapa. Shule ilipopata kompyuta mbili mwaka 2009, watu wengi waliziogopa, lakini yeye alijilipia kozi mjini Kitui, akawa anaondoka kila Jumamosi kabla ya jua kuchomoza. Tangu hapo kila mtu humwita fundi.

Intaneti ilipoletwa, antena iliwekwa juu ya mnara wa tangi la maji. Ilikuwa laini moja tu, nayo ilitakiwa kutosha ofisi zote pamoja na maabara yetu. Kila mtu alilalamika kwamba mtandao ni wa polepole, na kila mtu alimlaumu mwenzake. Mzee Nzau hakubishana na yeyote. Alitundika ubao mdogo kando ya mlango wa ofisi ya walimu, na kila asubuhi akawa anasoma kompyuta moja ya kupimia, kisha anaandika kwa chaki kila kompyuta nyingine imetumia kiasi gani jana yake. Hakuandika jina la mtu, wala hakutaka kujua ametazama nini. “Mimi sipimi macho yako,” alikuwa akisema, “napima ndoo ulizochota.”

Walimu walianza kusoma ubao kabla hata ya kusalimiana! Mwalimu mmoja, ambaye kompyuta yake iliongoza siku tatu mfululizo, alimletea papai kubwa la kumlainisha. Mzee alilila lote, akashukuru, na kesho yake akaandika gigabaiti zote za mwalimu huyo bila kupunguza hata moja.

Pia alituletea mwethya. Sisi Wakamba huungana kumlimia mtu mmoja leo na mwingine kesho. Mzee aliona kwamba intaneti nayo inaweza kulimwa hivyo. Ofisi moja ikiwa na kazi nzito, aligonga chuma cha kengele mara mbili, na wengine wote wakatoka mtandaoni hadi kazi iishe.

Lakini siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya mwezi wa Februari mwaka huu, siku ya mwisho ya kutusajili kwa mtihani wa kitaifa. Tovuti ilikuwa ifungwe saa kumi na moja jioni. Kufikia saa nane, kati yetu tisini na wanne, thelathini na mmoja walikuwa bado, na picha zetu zilikataa kwenda. Nilikuwa miongoni mwao. Tulisimama nje ya dirisha la ofisi tukiomba kimoyomoyo.

Mzee aligonga chuma. Wote wakatoka mtandaoni, ikabaki kompyuta ya katibu wa shule, Bi. Wangechi, iliyokuwa ikisajili. Hakuna kilichobadilika. Taa za ruta ziliendelea kuwaka na kuzima kwa kasi, kana kwamba shule nzima inatazama sinema.

“Wangechi, umefungua zile video zako za harusi?” Mzee aliuliza, mbele ya walimu wote.

“Fundi, mimi nitazame harusi na watoto wa watu wanalia hapo dirishani?” Bi. Wangechi alimjibu, machozi yakimlengalenga. “Njoo ukae hapa wewe!”

Mzee alichukua chaki. Alisoma matumizi ya siku hiyo ya kompyuta zote kumi na moja za ubaoni, akayajumlisha: gigabaiti sita tangu asubuhi. Kisha akasoma jumla ya ruta: ishirini na mbili. Kumi na sita zilikuwa zimechotwa na nani? Aliutazama ubao muda mrefu, kisha akageuka polepole kuitazama kompyuta ya kumi na mbili, ile ya kupimia, ambayo alikuwa hajawahi kuiandika. Ilikuwa yake mwenyewe. Asubuhi hiyo alikuwa ameiagiza ihifadhi mtandaoni video za kwaya ya kanisa lake, akasahau.

Angeweza kuizima kimya kimya, na hakuna ambaye angejua. Lakini aliizima huku akisema kwa sauti, “Mwizi wa maji ni mimi.” Kisha akamgeukia Bi. Wangechi: “Mama, nimekukosea mbele ya watu, nisamehe mbele ya watu.” Saa kumi na dakika arobaini, jina la mwisho lilipokelewa. Tulipiga vigelegele hadi kuku wa jikoni wakatawanyika! Kesho yake ubao ulikuwa na mstari mpya juu kabisa: “Mpimaji: 16.” Hakuufuta kwa wiki nzima.

Mzee Nzau anarudi Kibwezi kwa mkewe, Mama Ndila, kulima mboga karibu na mto. Tumesikia ameshanunua mita ya maji ya mabomba yake, na hatukushangaa.

Asante, Mzee, kwa kutufundisha kwamba anayepima wengine aanze na yeye mwenyewe. Mungu akupe afya, mvua ya kutosha, na mapapai yasiyo na masharti. Jumatatu tutaingia kwenye chumba cha mtihani sote tisini na wanne. Lakini kabla ya hapo, Chama cha Kompyuta kitaandika ubao kwa mara ya kwanza bila wewe, na mstari wa juu kabisa utakuwa wetu.