Mama Kamusi Anakabidhi Penseli

Tarehe thelathini Juni, saa tisa na nusu alasiri, Mama Kamusi atavua aproni yake ya plastiki na kuitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa mochwari, na miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika hospitali yetu itakuwa imekwisha. Mhariri wa jarida la watumishi amenipa ukurasa mmoja na kuniomba niandike kitu cha kuchangamsha. Nitajitahidi, lakini jamani, mnajua tunafanya kazi wapi.

Aliajiriwa kufua shuka. Mwaka wa nne, mhudumu wa mochwari wa wakati ule aliondoka bila kuaga, na kila mtumishi aliyeombwa kushika nafasi yake ghafla akawa na mgongo mbovu. Yeye alisema atakwenda kwa wiki mbili tu. Wiki mbili zenyewe ndizo zinazokwisha mwezi huu.

Kazi yake ilikuwa kupokea miili, kuiosha, kuiandaa, na kusimama dirishani familia zinapokuja kuchukua mtu wao. Mimi ni karani wa pale, meza yangu iko hatua tatu kutoka dirisha lile, kwa hiyo nimesikia mengi. Watu wakishatia sahihi huuliza swali moja tu: aliteseka? Huuliza wakimtazama yeye, si daktari. Basi huyu mama akawa anawajibu, na kwa kuwa majibu ya kweli mara nyingi hayasemeki mbele ya mzazi wa mtu, aliwajibu uongo mlaini, bila kupepesa macho. Kisha anarudi ndani na kuupa uongo huo jina.

Ndipo lilipotoka jina lake la utani. Kumwambia mfiwa kwamba mtu wake alilala tu asiamke, hilo ni lalongo. Kwamba alikutwa anatabasamu, tabasongo. Kwamba alimtaja mwenzake kabla ya kukata roho, tajongo. Walio hai hawakusahauliwa: dereva wetu anayesema gari liko njiani, na funguo bado ziko mfukoni mwake, huyo amepiga njiongo, na leo hospitali nzima inalijua neno hilo. Muuguzi wa zamu ya asubuhi aliwahi kusifiwa nywele zake mpya, akauliza papo hapo kama hiyo ni pendezongo. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Ila kwake haukuwa mchezo. Kila marehemu ana kadi, na ukweli huandikwa kwenye kadi kwa wino. Juu, kona ya kulia, Mama Kamusi aliandika kwa penseli jina la uongo aliopewa mfiwa. Kona ikiwa tupu, maana yake familia iliambiwa kweli tupu. Alisema tusipoutaja uongo kwa jina tutaishia kuuamini wenyewe, na siku moja tutauandika kwa wino.

Siku hiyo ilifika, na mkosaji ni mimi. Nilikuwa na wiki tatu kazini. Nilimsikia akitamka lalongo, nikaandika neno hilo kwenye rejista, safu ya chanzo cha kifo, kwa mwandiko mzuri kabisa. Mwalimu mmoja mstaafu alikuja kumchukua mkewe, akavaa miwani, akasoma. Akauliza lalongo ni ugonjwa gani, na kama unaambukiza, maana wajukuu walilala chumba kimoja na bibi yao. Nilitamani ardhi inimeze. Mama Kamusi alimwingiza chumba cha ndani na kumweleza ukweli: mkewe aliita watu tangu saa kumi alfajiri, na aliyefika alifika amechelewa. Mwalimu alikaa kwenye benchi letu mpaka adhuhuri, kofia magotini. Mama Kamusi alipewa barua ya onyo kwa kosa langu, akaitia sahihi, na mpaka leo hajawahi kunikumbusha.

Baada ya mwezi yule mwalimu alirudi. Alisimama dirishani akamwomba Mama Kamusi amwambie tena vile alivyomwambia mara ya kwanza. Akaambiwa kwamba mkewe alilala tu. Akashukuru, akaenda zake. Mama Kamusi alihangaika siku tatu akitafuta neno la uongo ambao msemaji anaujua na msikilizaji anaujua, na wote wawili wanauhitaji. Siku ya nne akaja na sotongo, kwa kuwa sote tumo.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Mimi na Mama Kamusi hatukukutana kazini. Miaka kumi na minne iliyopita nilisimama nje ya dirisha lile na mama yangu mzazi, tumekuja kumchukua mdogo wangu. Mimi na mdogo wangu tulikuwa mafundi wa kuezeka. Siku ile zamu ya kupanda paa la ghala ilikuwa yangu, lakini nilikuwa na jino linaniuma, akapanda yeye. Mama Kamusi alituambia wauguzi wa mapokezi walimsikia akimwita mama, kisha akasema kaka asilaumiwe. Mama yangu aliyashika maneno hayo. Kila mara akiniona nimeinamisha kichwa hunirudishia: mdogo wako alikutaja, mwanangu, alisema usilaumiwe.

Miaka miwili baadaye nikapata ukarani huu, nikajifunza neno tajongo, na nikayakumbuka yale tuliyoambiwa dirishani. Funguo za kabati la kadi ninazo mimi. Miaka kumi na miwili ningeweza kufungua siku yoyote nikatazama ile kona. Sikuthubutu. Nilijua nikikuta penseli, mama ataisoma usoni mwangu, na kile kidogo alichobaki nacho kitamtoka mkononi.

Wiki iliyopita tulifanya makabidhiano. Utaratibu unataka kadi zote zihakikiwe, moja moja, yeye na mimi. Tukaifikia droo ya mwaka ule, na ndani yake kadi ya mdogo wangu. Ameletwa akiwa amekwisha kufariki, ndivyo wino ulivyosema, hakutamka neno. Kwenye kona kulikuwa na tajongo, limekatwa kwa mstari mmoja. Chini yake palikuwa na neno la pili, sotongo, na tarehe ya miaka tisa iliyopita, wiki niliyokuwa likizo kwa ajili ya harusi yangu.

Kumbe mama alikuja peke yake. Aliuliza, akaambiwa, kisha akaomba aambiwe tena. Halafu akarudi nyumbani, akaendelea kunipa mimi maneno yale yale miaka tisa, akijua hayakusemwa. Mimi nilidhani ninamlinda yeye. Nililia, na sioni haya kuliandika. Mama Kamusi aliendelea kukunja aproni. Alipomaliza alichonga penseli yake, akaiweka mezani kwangu, akaenda kutazama kama bomba la nyuma limefungwa.

Mama yangu atakuwepo kwenye hafla ya kumuaga Mama Kamusi, safu ya mbele, mwenye fimbo. Macho yake hayasomi tena, kwa hiyo ukurasa huu nitamsomea mimi, na ninawaomba wenzangu mniachie kazi hiyo. Nikifika kwenye dirisha lile nitasoma kwamba mdogo wangu alitutaja sote wawili, kisha nitaruka mpaka kwenye shukrani. Sauti yangu itakwama kidogo, naye atajua nimeruka. Ataitikia kwamba ni kweli, alitutaja.

Mama Kamusi, kwa niaba ya idara, na kwa niaba ya watu wengi wasiojua walichopewa, tunakushukuru. Nenda ukapumzike, ukaote jua la asubuhi, na akija mtu mlangoni kwako awe mgeni tu, hana swali. Maisha yako ya mbele yawe mepesi. Usiwe na wasiwasi juu yetu, huku tutakuwa sawa kabisa.

Juu, kona ya kulia, kwa penseli: sawongo.