Tone la Kwanza

Basi la kwenda kwenye tamasha la muziki uani mwa kasri lilikuwa na joto, na mawingu ya Agosti yalikuwa yameinama juu ya minara. Mbele yangu mama mmoja, mto wa kukalia na mwavuli mapajani, alimtazama kwa muda mwanamume aliyepakata kasha la fidla.

"Wewe ni wa okestra," akasema. "Mwaka jana lilidondoka tone moja tu la mvua, mkabeba fidla zenu mkakimbia. Binti yangu Emőke akabaki jukwaani anaimba peke yake kama kichaa."

Mwanamume alisugua macho. "Ndiyo desturi yetu, mama. Fidla ni mbao na gundi. Mwimbaji hufutwa kwa taulo."

"Tangu siku ile hawajampa wimbo wa peke yake. Leo ndiyo wamempa tena."

"Nimepiga kila jioni tangu Juni, mama. Hata kubishana sina nguvu."

"Basi usibishane. Wewe kaa tu jukwaani."

Sikujua nimpe nani haki. Kasha la fidla lilionekana la zamani sana, na mama alionekana hajalala. Tone likagonga kioo, la pili likafuata. Wote wawili waliyaona.

Basi likasimama langoni. Mama akamwekea mwavuli juu ya kasha la fidla.

"Nikipiga, nani ataushika?" mwanamume akauliza.

"Nitapanda jukwaani kuushika mwenyewe."

Mwanamume aliuchukua akashuka, bila kuahidi kubaki. Mama akamfuata mvuani, mto wake kichwani.