Mama Hodi na Kicheko cha Malkia

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Mama Hodi, afisa ustawi wa jamii. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kuwahakiki watoto wenye ulemavu mkubwa wanaopata ruzuku ya serikali. Mtoto asipoonekana, ruzuku hukatwa. Basi yeye alikwenda, iwe jua, iwe matope, viatu mkononi.

Jina alipewa kwa tabia yake. Hakuingia ndani mpaka mtoto mwenyewe amwitikie. Dada yake anacheka akikumbuka: "Tulimwambia, wewe nawe, mtoto hasemi, atakuitikiaje? Akasema, nyie mna haraka tu."

Kwa Malkia ndiko alikosubiri sana. Malkia ni mjukuu wa fundi cherehani. Hasemi, hatembei, hajigeuzi kitandani. Maziwa, dawa na nepi zake vyote hutoka kwenye ile ruzuku. Mama Hodi alisimama mlangoni: "Hodi, Malkia wangu." Kimya. Anasubiri. Ndipo mtoto anaangua kicheko. Hakumchekea mwingine yeyote, hata bibi yake, na bibi hafichi kwamba lilimuuma.

Mama Hodi akafariki, Mungu amrehemu. Uhakiki ukaangukia kwa afisa mgeni. Alifika mchana, bibi katoka mara moja kupeleka nguo kwa mteja. Mlango umerudishiwa, cherehani haisikiki. Akaona hapa hapakai mtu, akageuka aende zake. Angeondoka, Malkia angekatiwa ruzuku.

Akasikia kicheko.

Anasema afisa huyo: "Sikuwa nimepiga hodi. Sikuwa nimefungua hata mdomo."

Aliposukuma mlango alimkuta Malkia peke yake, anacheka, macho yakitazama pembeni ya afisa, kana kwamba wameingia wawili.

Bibi aliporudi akasimuliwa, alikaa chini palepale. "Huyu hamchekei mtu, baba," alisema. Kisha akalia. "Kumbe mwenzetu amekuja kazini."

Ruzuku ya Malkia inaendelea. Kwa dada na wanafamilia wote wa Mama Hodi, poleni sana. Nasi tuliobaki tujiulize ni milango mingapi tumeipa kisogo kwa kuwa hatukuitikiwa upesi.

Jana tulikuwa tukirekodi nyumbani kwa kina Malkia. Mlango ulikuwa wazi, nje hapana mtu. Malkia akacheka. Bibi hakuinua kichwa kwenye cherehani, alisema tu, "Karibu, mwanangu. Pita."